Neno "Board" na Ukoo Wake: Kutoka Ubao wa Seremala hadi Mpaka wa Busia

Mwanafunzi wa sekondari hapa Uganda hukutana na neno la Kiingereza "board" mara nyingi kwa siku moja bila kulitilia maanani. Shule anakosoma ni ya "boarding". Somo analinakili kutoka "blackboard", matangazo anayasoma kwenye "noticeboard", mambo makubwa ya shule yanaamuliwa na "Board of Governors", na mtihani wa mwisho wa kidato cha nne unasimamiwa na "Board" ya taifa. Akifungua kamusi ili aelewe, anakuta orodha ndefu ya maana zilizopangwa kwa namba: kipande cha mti, chakula cha kulipia, baraza la wakurugenzi, kupanda chombo cha safari, na nyingine nyingi. Mimi ni mwalimu wa lugha, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandaa vidahizo vya kamusi, yaani maneno yanayoorodheshwa na kufafanuliwa humo, kwa ajili ya wanafunzi. Nimeona jinsi orodha kama hiyo inavyowakatisha tamaa vijana, wakaamua kwamba maana za maneno ya Kiingereza hazina mpango wowote na kwamba dawa yake ni kukariri tu.

Mpango upo. Maana zote hizo zinatoka kwenye vitu viwili vya kushikika kwa mkono, yaani ubao uliopasuliwa kutoka kwenye gogo, na ukingo wa kitu, hasa ubavu wa chombo cha majini. Anayevijua vitu hivyo viwili anaweza kuifuata kila maana hadi ilikoanzia, na katika kufuata huko atagundua kwamba baadhi ya maneno tunayoyatamka kila siku katika Kiswahili chetu ni ya ukoo huohuo.

Tuanze na ubao. Katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa Uingereza kabla ya Wanormani kuvamia mwaka 1066, neno lilikuwa "bord", nalo lilitaja ubao wa kawaida kama zile mbao ambazo mnunuzi huchagua Ndeeba, Kampala, akizitazama kwa urefu ili ajue kama zimepinda. Lakini watu wa zama hizo walilitumia pia kwa kila kilichotengenezwa kwa mbao, na kwa namna ya pekee lilikuwa jina la ngao. Ngao zao ziliundwa kwa mbao nyembamba zilizounganishwa zikawa duara, na katika mashairi ya vita ya wakati ule shujaa anapoinua "bord" yake anainua ngao. Askari waliposimama bega kwa bega na kuzipanga ngao zao zikashikana, safu hiyo iliitwa "bordweall", ukuta wa mbao. Maana hiyo imekufa kabisa katika Kiingereza cha leo, lakini ninapenda kuitaja kwanza kwa sababu inaonyesha tabia ya neno hili tangu utoto wake: linaacha kutaja mti na kuanza kutaja kazi ambayo mti huo unaifanya.

Kazi iliyolipa neno hili uzao mwingi zaidi ni ya meza. Katika nyumba nyingi za Ulaya ya zama za kati, meza ya kulia chakula haikuwa kitu cha kudumu mahali pake. Mbao ndefu zililazwa juu ya vitegemeo vya miti, watu wakala, kisha zikaondolewa na kuegemezwa ukutani ili ukumbi upate nafasi. Kwa hiyo kuita meza "board" haikuwa mafumbo. Watu walikula juu ya ubao, wakauita ubao. Wanormani walipoleta Kifaransa chao, walileta na neno "table", ambalo polepole liliichukua nafasi ya "board" kama jina la meza yenyewe. Cha kushangaza ni kwamba hilo "table" nalo linatoka kwenye neno la Kilatini "tabula", ambalo maana yake ni ubao. Ubao mmoja uliufukuza mwingine chumbani. Sisi Waswahili tulipita njia nyingine, kwani "meza" yetu ni "mesa" ya Wareno, nayo ni "mensa" ya Kilatini, na kutoka kwetu ilisafiri hadi Buganda ikawa "emmeeza".

Neno "board" lilipopoteza meza halikuondoka mezani mikono mitupu, kwa kuwa lilibaki na chakula. Kilichowekwa juu ya ubao kilichukua jina la ubao, na "board" ikawa na maana ya milo anayopewa mtu kwa malipo au kwa makubaliano. Ndiyo maana Waingereza husema "bed and board" wakiwa na maana ya malazi na chakula. Maneno hayo yaliingia hata katika sheria ya ndoa: mahakama za kanisa za Uingereza zilikuwa na amri ya kuwatenganisha mume na mke kitandani na mezani bila kuivunja ndoa, hadi sheria ya mwaka 1857 ilipoibadili kuwa utengano wa kimahakama.

Hapo ndipo "boarding school" ilipozaliwa. Kwa asili yake neno hilo linaitaja shule kwa chakula: ni shule ambayo mwanafunzi anakula hapohapo. Kiswahili kilitazama jambo lilelile kwa upande wa usingizi kikasema shule ya bweni, na Kiganda kilifanya vivyo hivyo kwa neno "ekisulo", linalotokana na kitenzi cha kulala mahali usiku kucha. Shule zetu za bweni za mwanzo, kama Namilyango iliyoanzishwa mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905 na Budo mwaka 1906, zilijengwa na wamisionari walioleta neno pamoja na mfumo wake, na hadi leo mzazi wa Kampala au Mbale husema mtoto wake "yuko boarding" hata anapozungumza lugha nyingine kabisa.

Katika hoja hii ya chakula, msomaji wa Uganda ana mfano wake mwenyewe ulio bora kuliko wowote ninaoweza kuutoa Uingereza, nao ni neno "posho". Zamani, wakati wa misafara ya wapagazi kutoka pwani kwenda bara, posho ilikuwa kipimo cha chakula alichopewa mpagazi kwa siku. Nchini Uganda maana ililalia upande wa chakula chenyewe, kwa hiyo posho ikawa unga wa mahindi na ule ugali mweupe unaoliwa kwa maharagwe katika kila shule ya bweni nchini. Tanzania maana ililalia upande wa haki ya mtu kupewa, posho ikawa fedha: posho ya safari, posho ya kikao, posho ya nyumba. Mganda akimsikia Mtanzania akisema wabunge wameongezewa posho anaweza kudhani wamepelekewa magunia. Hakuna aliyekosea kati yao. Kila mmoja ameshika tawi lake la neno moja, na ndivyo ilivyokuwa kwa mlo na baraza ndani ya "board".

Maana ya baraza ilitokea hivi. Meza ya chakula ni ileile inayofaa kwa mashauri, na kufikia karne ya 16 Waingereza walikuwa wakiiita "board" meza ambayo wakuu huketi kuizunguka ili kuamua mambo, kisha wakawaita "board" wale walioketi. Kutoka hapo zilikuja bodi zote za serikali ya kikoloni na za baada yake. Wakulima wa Uganda walizijua kwa karibu sana, kwa kuwa pamba yao ilipitia "Lint Marketing Board" na kahawa yao ilipitia "Coffee Marketing Board", na bei ambayo bodi ilitangaza ndiyo iliyoamua kama mtoto angelipiwa karo mwaka ule. Katika elimu, sheria ya mwaka 1983 iliunda chombo cha mitihani ambacho jina lake la Kiingereza lina "Board", wakati vyombo vya aina hiyo vya Kenya na Tanzania vina "Council" na kwa Kiswahili huitwa mabaraza. Mfasiri wa Uganda kwa hiyo hulazimika kusema Bodi ya Taifa ya Mitihani ili asichanganye vyombo. Hata hivyo, "baraza" nalo lina historia inayofanana mno. Baraza ya nyumba ya Kiswahili ni kile kibaraza cha mawe mbele ya mlango ambapo wazee hukaa jioni na kuzungumza. Kutoka mahali pa kukaa, jina likahamia kwa waliokaa, na leo tuna Baraza la Mawaziri. Waingereza walikaa mezani, Waswahili wakakaa barazani, na lugha zote mbili zikafikia serikali kwa njia hiyohiyo.

Kuna watoto wengine wa ubao ambao nitawapitia haraka. Wacheza karata waliotaka kuaminiwa waliweka mikono juu ya meza, na hiyo ndiyo "above board", yaani jambo la wazi lisilo na hila. "Dashboard" ilikuwa ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili matope yanayorushwa na kwato yasimfikie abiria. Magari ya injini yaliurithi mahali pake, na sasa hauzuii tope lolote. "Cupboard" inastahili neno moja zaidi. Mwanzoni haikuwa na milango wala rafu za ndani, bali ilikuwa ubao wa kuonyeshea vikombe na sahani za thamani. Waingereza wenyewe hawaitamki ile "p", wala hawaupi uzito ule mwisho, hivyo sikio linasikia kitu kama "kabad". Ukilijua hilo huoni ajabu Waganda kusema "kabada", na unaielewa kauli ya wanakamusi wanaoiunganisha "kabati" yetu na asili hiyohiyo.

Sasa tugeukie shina la pili, ukingo. Katika Kiingereza cha Kale kulikuwa na "bord" nyingine iliyotaja ukingo wa kitu na ubavu wa chombo cha majini. Wataalamu wengi wa asili za maneno wanaichukulia kuwa neno tofauti lililofanana na lile la ubao, kisha yakachanganyika. Kuchanganyika huko kunaeleweka, kwa sababu ubavu wa chombo ulikuwa wa mbao, na baharia aliyeugusa aligusa vyote viwili kwa pamoja. "Overboard" ni kupita juu ya ubavu na kuanguka majini. "Aboard" na "on board" ni kuwa ndani ya ubavu huo. Abiria anayeitwa kwa ajili ya "boarding" pale Entebbe, akiwa na kadi yake mkononi, anatumia lugha ya bandari mbele ya ndege.

Nataka tukae kidogo kwenye "starboard", jina la upande wa kulia wa chombo unapotazama mbele, kwa sababu wanafunzi wengi wanaamini kuna nyota ndani yake. Hakuna nyota. Kiingereza cha Kale kilisema "steorbord", na "steor" ni usukani. Vyombo vya kaskazini mwa Ulaya vya wakati ule havikuwa na usukani katikati ya tezi, yaani nyuma ya chombo, bali kasia pana lililofungwa ubavuni, upande wa kulia, kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia. Ubavu wenye usukani ukawa "steorbord". Kasia hilo lingevunjika kama lingebanwa kwenye gati, kwa hiyo chombo kilifunga kwa upande wa kushoto, mizigo ikapakiwa hapo, na upande huo ukaja kuitwa "ladebord", ubavu wa kupakia. Kadiri miaka ilivyopita "ladebord" iligeuka "larboard", na hapo hatari ikaingia: katika dhoruba, nahodha anapopiga kelele "larboard" na mshika usukani akasikia "starboard", chombo kinaweza kugonga mwamba. Mwaka 1844 wakuu wa jeshi la majini la Uingereza waliamuru "larboard" iachwe na "port" itumike, neno ambalo pia lilikuwa limekwisha zoeleka kwa upande wa bandarini. Mabaharia wetu wa pwani walikuwa na namna nyingine ya kuugawa ubavu wa jahazi, kwani walifuata upepo, wakatofautisha upande wa goshi unakotoka upepo na upande wa demani unakokwenda.

Ukingo huu ulikuwa na safari nyingine ya nchi kavu. Wafranki, watu wa jamii ya Kijerumani waliotawala nchi ambayo baadaye ilipata jina la Ufaransa kutokana nao, walikuwa na neno lao la aina hiyohiyo, nalo liliingia katika Kifaransa cha Kale kama "bord", ukingo. Wafaransa wakatunga "bordure", pindo la nguo au mzunguko wa ngao, na Wanormani na warithi wao wakalivusha hadi Uingereza ambako lilikuwa "border". Kwanza lilitaja pindo la kitambaa, kisha likataja ukingo wa nchi, na kwa muda mrefu Waingereza wakisema "the Border" walikuwa na maana ya mpaka wao na Uskoti. Hivyo Kiingereza kilikuwa na "board" yake ya asili, kikapokea na "border" kutoka ng'ambo, nayo ilikuwa binamu yake aliyelelewa ugenini.

Binamu huyo alifika kwetu na utawala wa kikoloni. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliofika hadi karibu na Naivasha, uliondolewa na kuwekwa chini ya Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo leo ni Kenya. Mpaka ukasogezwa magharibi, ukaja kuwagawa Wasamia na Wateso, na miji ya Busia na Malaba ikakua juu yake. Kati ya kituo cha upande mmoja na kituo cha upande wa pili palikuwa na mwendo, na mtu mwenye mzigo alihitaji kubebwa. Kuanzia miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walifanya kazi hiyo, wakiwaita abiria kwa kutaja wanakowapeleka: "border, border". Kiingereza kilichosikika hapa kilikuwa cha Uingereza, ambacho hakiitamki "r" iliyo mwisho wa silabi, na Kiswahili hupenda silabi iishie na irabu. Kwa hiyo "board" ilipopita mdomoni mwetu ikawa "bodi", na "border" ikawa "boda". Kuirudia mara mbili kulikuwa ni mwito wa biashara, lakini kulikaa vizuri katika lugha zetu, ambazo tangu zamani zina maneno yaliyorudiwa kama pikipiki na polepole. Baiskeli ziliacha nafasi kwa pikipiki, kazi ikaenea hadi Kampala, Nairobi, Mwanza na Kigoma, na leo mtu hupanda boda kutoka steji ya Wandegeya hadi Makerere bila kukaribia mpaka wowote. Kamusi za Kiingereza sasa zinaiorodhesha "boda-boda" kama neno la Afrika Mashariki. Limerudi Uingereza kwa mara nyingine, likiwa limepitia Ufaransa na Busia.

Msomaji anaweza kuuliza kama Kiswahili kina neno lake lililozaa hivi. Kinalo, na ni lilelile la seremala. Kutoka "ubao" tunapata mbao za kujengea na ubao wa darasani, kama Waganda wanavyotumia "olubaawo", ndugu yake wa Kibantu, kwa mambo hayo mawili. Tunapata "bao", mchezo uliochukua jina la kifaa chake chenye safu nne za mashimo manane, ambao mchezaji wa omweso wa Buganda anautambua mara moja aonapo kete 64. Mganga aliyetazama mambo ya siri kwa kuchora mchangani juu ya ubao alisemwa kuwa anapiga bao. Kibao ni bango la barabarani, na mambo yakibadilika kwa mtu aliyekuwa na nguvu husemwa kibao kimegeuka. Hakuna Mswahili anayelalamika kwamba maana hizi hazina mpango, kwa sababu amekua nazo. Mwanafunzi wetu anaweza kuitazama "board" kwa jicho lilelile.

Jicho hilo, hata hivyo, linahitaji tahadhari, kwa kuwa kufanana kwa sauti si udugu. "Bored", hali ya kuchoshwa na jambo, hutamkwa sawasawa na "board" lakini haihusiani nayo hata kidogo. Katika Kiswahili mfano mzito zaidi ni "bodi" ya gari. Fundi wa gereji anayenyoosha bodi iliyobonyea anatumia neno "body" la Kiingereza, mwili, na bodi ya wakurugenzi ni "board". Ni maneno mawili yaliyofika kwetu kwa milango miwili, yakavishwa sauti moja, na yote yakaingia ngeli ya I-ZI, kiasi kwamba upatanisho wa kisarufi hauyatenganishi: bodi imevunjwa inaweza kuwa habari ya ajali au ya waziri. "Kibodi" ya kompyuta nayo inadanganya kwa namna yake. Ni "keyboard" nzima, na "ki" yake ni ile ya kitufe cha Kiingereza, lakini kwa kuwa inafanana na kiambishi chetu, wapo wanaosema kibodi hiki na vibodi hivi, kama walivyofanya wahenga kwa "kitabu" cha Kiarabu. Waliopendekeza "baobonye" badala yake walitunga neno kutoka kwenye bao na kubonyeza, wakarudi bila shaka kwenye ubao uleule.

Katika kamusi ninayoiandaa nimeitenga "bodi" iwe vidahizo viwili vyenye namba, kwa sababu asili ni mbili. "Board" upande wa Kiingereza nimeiacha kidahizo kimoja, kwa kuwa mashina yake mawili yalikwisha kuchanganyika zamani, maana zake zikifuatana kwa mpangilio wa ubao, meza, mlo, baraza na ubavu wa chombo, na mbele ya "border" nimeweka mshale mdogo unaomrudisha msomaji kwenye ubavu huo.